Farasi wa Mhubiri Williams

Haya, wanangu, sogeeni. Leo tumwache farasi aseme. Ndiyo, farasi! Sisi watu tumezidi kusema.

"Mimi," akaanza farasi, "nilimbeba William Williams. Kwao ni Wales, nchi ya milima na mvua, kisha mvua tena. Alizaliwa mwaka 1717. Watu walimwita Pantycelyn, jina la shamba alilokaa. Alitaka kuwa daktari. Angali mwanafunzi, akamsikia Howell Harris akihubiri pale Talgarth, makaburini nje ya kanisa. Udaktari ukaishia hapo hapo."

Mjomba, kwa nini alihubiri nje?

Swali zuri hilo! Harris hakuwa kasisi, basi mimbari haikuwa yake. Williams naye yakamfika. Mwaka 1740 alifanywa shemasi. Alipotaka ukasisi, 1743, askofu akakataa. Kosa lake? Kuandamana na Wamethodisti, kuhubiri huku na huko.

"Mlango ukafungwa," akasema farasi, "nikatandikwa mimi. Twende! Mlima huu. Twende! Bonde lile. Maelfu ya maili kila mwaka, miaka zaidi ya arobaini. Jioni, nyumbani kwa mkulima, watu wamejibana, nguo mbichi kwa mvua, kila mmoja anaeleza yaliyo moyoni. Williams anasikiliza, anaonya, anafariji. Kisha wanaimba. Mniulize kama nyimbo alizitunga mgongoni mwangu? Hiyo ni siri yetu wawili."

Sasa mjomba, si angehubiri tu? Nyimbo za nini?

Ee, kichwa chako kinachemka, mwanangu! Sikia. Mafundisho ni maji. Ukiyateka kwa viganja, yamemwagika kabla hujafika nyumbani. Wimbo ni kibuyu. Mkamua ng'ombe asiyejua kusoma aliondoka nacho, akawa anakunywa zizini wiki nzima. Na Williams alitunga nyimbo zaidi ya 800, nyingi kwa Kiwelisi, lugha waliyoongea jikoni kwao.

Alifariki mwaka 1791. Mwaka 1907 John Hughes akatunga tuni, na utenzi mmoja wa Williams, uliokwisha tafsiriwa kwa Kiingereza, ukaimbwa kwa tuni hiyo. Siku timu ya raga ya Wales inapocheza Cardiff, tegeni sikio. Uwanja mzima unaimba, hata wasiokanyaga kanisani.

Na yule askofu je, mjomba?

Nimemuuliza farasi. Anasema jina halikumbuki.