Masisi kwa Miguu, Walikale kwa Jasho

Vijana wanaotaka kukimbia mbio ndefu huja kwangu na swali lilelile: "Dokta, nitafute muda gani?" Wameona kwenye simu kwamba Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 na mita 195 kwa saa 2 na dakika moja, basi wanakaa na kalamu, wanagawa kilomita kwa dakika kama watu wanaogawa shamba la marehemu. Mimi ni muuguzi, si kocha. Nimefanya kazi kwenye vituo vya afya vya Masisi, juu kwenye malisho, na vya Walikale, chini msituni, huku Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Miguu mingi niliyoiosha na kuifunga bendeji ni ya watu waliotembea umbali wa marathoni bila kujua kwamba jambo hilo lina jina, na wao ndio walionipa jibu ninalowapa vijana: huku kwetu saa ya mkononi itazamwe mwisho kabisa.

Ardhi yenyewe inaeleza sababu. Sake iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukielekea Mushaki, barabara inaanza kupanda mara moja wala haikupi nafasi ya kujipanga. Vilima vya Masisi vinapita mita 2,000. Ni nchi ya ng'ombe, ya jibini la mviringo, ya ukungu unaochelewa kuondoka. Unapita Masisi mjini, unapita Nyabiondo, na kuanzia Kashebere uko upande wa Walikale, na mito inashuka pamoja nawe kwenda kukutana na Lowa. Malisho yamekwisha, miti imefunga juu. Kwa kila mita 1,000 unazoshuka, joto huongezeka nyuzi sita hivi. Koti ulilovaa alfajiri sasa limefungwa kiunoni, na bado hujafika.

Lakini nyuzi za joto peke yake hazimwangushi mtu. Kinachomwangusha ni hewa yenye maji. Misuli inapofanya kazi, robo tatu hivi ya nguvu inayochomwa inageuka kuwa joto tu. Ni robo iliyobaki inayokusogeza mbele. Joto hilo lazima litoke, na mlango wake mkubwa ni ngozi. Hapa ndipo wengi wanapoelewa vibaya: jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Kule Mushaki upepo wa malishoni unalikausha kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho. Ndani ya msitu wa Walikale hewa imekwisha kushiba, haina nafasi ya kupokea zaidi. Jasho linatiririka mgongoni, linaingia kwenye buti, linapotea bure. Mkimbiaji anaweza kupoteza lita moja mpaka mbili kwa saa na asipoe hata kidogo.

Dunia nzima iliona jambo hili Doha mwaka 2019. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu na saa sita usiku ili kulikwepa jua, na bado joto lilikuwa nyuzi 32 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Wanawake 68 walianza, 40 tu wakamaliza. Mshindi, Ruth Chepng'etich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43. Januari ya mwaka huohuo, Dubai, alikuwa amekimbia umbali huohuo kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Miguu ilikuwa ileile. Dakika 15 zilikwenda na hewa. Ikiwa bora wa dunia analipa dakika 15, kijana wa Nyabiondo anayejipangia muda wa Kipchoge kwenye barabara ya Walikale anajidanganya.

Sasa wale walionipa jibu, walimu wangu. Kabla kampuni ya Alphamin haijaanza kuchimba kwa mitambo huko Bisie, ndani ya Walikale, mwaka 2019, mawe ya bati, kasiterite, yalitoka msituni migongoni mwa watu. Njia ya Bisie hadi Njingala ina kilomita 40 na ushei, karibu marathoni kamili: matope, mizizi, vijito, kupanda na kushuka. Mfuko ulikuwa na kilo 50. Wanyanga, wenyeji wa Walikale, wana shujaa wao Mwindo aliyezaliwa akitembea na kusema, na ukiwatazama wabebaji wale ungeamini habari hiyo bila kubishana. Njia ile ilikuwa na dhuluma nyingi, wenye silaha walitoza ushuru na vijana waliharibika migongo, wala siisifii. Ninachosema ni kwamba waliodumu walikuwa na elimu.

Waliondoka kabla ya jua kutoka. Mwanzoni walikwenda pole kiasi cha kukera, wakipiga soga. Aliyeshindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi aliambiwa apunguze. Mlimani walifupisha hatua wakashika mwendo wa pumzi, si wa mwenzao wa mbele. Waliketi kabla ya kuchoka. Walikula kidogokidogo njiani, ndizi mbivu, muhogo wa kuchoma, kipande cha muwa, bila kusubiri njaa. Mwanafiziolojia angewapa alama zote. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini humtosha mkimbiaji kilomita 30 hivi, na pungufu ya hapo akianza kwa pupa. Anayekula njiani anausogeza mwisho huo mbele. Na kipimo chao cha mazungumzo ndicho bora kuliko saa yoyote, kwa sababu pumzi inahesabu mlima na joto na usingizi mbaya wa jana, vyote pamoja, wakati saa inahesabu muda peke yake.

(Kuna kipande kimoja tu cha barabara ya upande ule ambacho kijana angeweza kukimbilia kasi yake bila kilima: Kilambo, pale penye lami iliyonyooka. Bahati mbaya wenye ndege nao walikiona. Katika miaka ya biashara kubwa ya kasiterite ndege ndogo za Goma zilitua hapohapo barabarani, watu na pikipiki wakisimamishwa pembeni. Sijui uwanja mwingine wa riadha wenye kero ya namna hiyo.)

Kuhusu kupanda, watu wanaogopa pasipostahili. Mlima unakupunguza kasi wenyewe, ukiukubali, haukudhuru. Mteremko ndio unaovunja. Unaposhuka, paja linajikaza huku likivutwa kurefuka, hatua baada ya hatua, na nyuzi za misuli zinachanika kwa ndani. Huumwi siku hiyo. Kesho yake ndipo unapojikuta unashuka kitandani kwa mikono. Mtu anayekimbia kutoka Masisi kwenda Walikale ana mteremko mrefu wa kumlewesha, anashusha miguu kwa raha, na anafika kwenye joto akiwa na mapaja yaliyokwisha. Dawa ni kujizoeza kushuka, wiki nyingi kabla, kwa hatua fupi na za haraka, goti likiwa limekunjwa kidogo, wala usiegemee nyuma kujizuia.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa juu hawapendi kulisikia. Kuishi penye hewa nyembamba kunaongeza chembe nyekundu za damu, na ni kweli kijana wa Masisi ana kifua kizuri. Ila ngozi yake haijasoma. Akishuka Walikale leo akakimbia kesho, kifua kitamwambia twende na mwili utaungua. Kuzoea joto huchukua siku 10 hadi 14 za kufanya kazi ndani yake, saa moja au zaidi kila siku: maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema, linakuwa jingi na lenye chumvi kidogo. Ukirudi kwenye ukungu, mazoea hayo yanaisha ndani ya wiki chache. Wa Walikale akipanda Masisi ana shida yake ya kinyume, ya pumzi. Hakuna aliye mwenyeji wa pande zote mbili, hata sisi tunaohama na kazi.

Kwamba eneo hili linaweza kutoa wakimbiaji hilo halina mjadala tena. Kirotshe, kando ya ziwa ukitoka Sake kwenda Minova, iko Masisi. Makorobondo Salukombo, ambaye familia yake ilikimbia vita hadi Uganda na kisha kupokelewa Marekani, alirudi kufundisha vijana wa Kirotshe kukimbia. Mwaka 2016 yeye mwenyewe alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio, ileile aliyoishinda Kipchoge, na Beatrice Kamuchanga, msichana wa timu hiyohiyo, akakimbia mita 5,000. Medali hawakuleta. Walileta kitu ambacho mimi nakiona cha maana zaidi kwa kazi yangu: wazazi waliacha kuuliza msichana anakimbilia wapi.

Wanaotaka namba kifuani huvuka mpaka. Marathoni ya Kigali imekuwapo tangu 2005 na ina vilima vya kutosha. Moshi, Tanzania, mbio za Kilimanjaro zilianza 2003, na njia yake ni somo tosha: nusu ya kwanza karibu tambarare, asubuhi ya ubaridi, kila mtu anajiona bingwa, nusu ya pili inapanda kuelekea Mweka jua likiwa limeamka. Huko ndiko watu wa saa hulipa deni.

Maji. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuna wanaokimbia bila kunywa ili waonekane wagumu, na kuna wanaobugia kila kikombe wanachopewa. Wa pili nao wanaweza kufa. Maji matupu mengi huzimua chumvi ya damu mpaka ubongo unavimba. Wapimaji waliochunguza wakimbiaji wa Boston mwaka 2002 walikuta asilimia 13 wamefikia hali hiyo ya chumvi pungufu, na wengi wao walikuwa wale wa polepole, wenye muda mrefu wa kunywa. Kunywa ukiwa na kiu, basi. Kwa safari ndefu kwenye joto tunatengeneza kile tunachowapa wenye kuhara: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, si vya kurundika. Ladha yake iwe ya machozi, isizidi hapo.

Na mtu akianza kuyumba, kujibu ovyo, kugombana na anayemsaidia, huyo ubongo wake umeanza kuungua, joto la ndani limepita nyuzi 40. Usingojee jasho likauke ndipo uamini. Wengi huanguka wakiwa wamelowa. Usitafute pikipiki kwanza. Mvue nguo, mlaze kwenye mto ukimshika kichwa juu ya maji, au mmwagie maji, bido (dumu) juu ya bido, na umpepee kwa chochote, mpaka akutambue. Ndipo mtafute usafiri. Kumbeba mwendo wa saa nzima akiwa bado anaungua ni kumpeleka kituoni akiwa amechelewa.

Nimesema wabebaji waliondoka kabla ya jua kutoka, lakini kanuni hiyo ina mipaka huku. Karibu na Sake na kando ya ziwa kuna mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotuama usiku kwenye mabonde madogo pasipo upepo. Mkimbiaji asisimame huko kufunga kamba wala kulala kujinyoosha. Na kuna bunduki. Kundi la waasi la M23 liliingia Masisi mjini na Goma Januari 2025, likafika Walikale mjini mwezi Machi na kuondoka Aprili. Kijana anayekimbia peke yake gizani, mbele ya watu wenye silaha, anaonekana ana jambo analolikimbia. Ninawaambia wakimbie watatu au wanne, jua limetoka, jezi za rangi kali, na wakikaribia kizuizi chochote watembee mikono ikionekana. Joto la saa tatu tunajua kulitibu.

Siku barabara ikitulia, nikiulizwa na watakaoandaa mbio kati ya Nyabiondo na Walikale, nitakuwa na ombi moja kuhusu bido za maji. Wataziweka chini ya vilima, penye mito, kwa kuwa ni rahisi kuchota. Waziweke juu. Mtu aliye chini anautazama mlima, ana haraka ya kuumaliza, anapita kikombe bila kukiona. Akifika kileleni amekwisha kupunguza mwendo, kinywa kimekauka, na mteremko uko mbele yake: hapo atasimama, atakunywa, na dakika hiyo moja itampoza mapaja kabla hajaanza kushuka. Kubeba maji juu kutahitaji watu wenye nguvu, na Walikale wapo wengi wanaojua kazi hiyo. Safari hii walipwe.