Mkadiriaji Majenzi na Fedha za Nyumba ya Familia

Anayepita katika mitaa mipya ya Pwani, kuanzia Likoni na Kisauni hadi Mtwapa na Malindi, hakosi kuona nyumba zilizokoma kwenye linta. Kuta zimesimama, vyuma vimechomoza na kushika kutu, na ndani ya vyumba vilivyokusudiwa watoto mmeota magugu. Aghalabu nyumba hizo hazikukwama kwa ufukara. Zilianzishwa kwa fedha za halali zilizokuwapo mkononi, ila hakuna aliyejua tangu mwanzo kwamba fedha hizo zingefika wapi.

Familia zetu nyingi hujenga kidogo kidogo kwa pesa taslimu ili kujiepusha na riba. Ndugu aliyeko Muscat au Dubai hutuma chake, mama huuza bangili zake za dhahabu, binti hutoa zamu yake ya chama, na baba hujazia kwa mshahara. Nyumba ni moja, lakini wenye fedha ni wengi, na kila mmoja ana haki ya kujua chake kimekwenda wapi. Kwa sababu hiyo twaona familia kama hizi zamhitaji mtu ambaye wengi hudhani kazi yake ni kwenye maghorofa tu: mkadiriaji majenzi, yule ambaye mafundi humwita kwa herufi mbili, QS.

Msanifu huchora nyumba itakavyokuwa, na mhandisi huhakikisha kuwa itasimama. Mkadiriaji huichukua michoro yao akaigeuza kuwa hesabu: mita za ujazo za mtaro na zege, mita za mraba za ukuta na plasta, kilo za vyuma, idadi ya milango na madirisha, mabomba, nyaya, hata shimo la choo. Matokeo yake ni daftari la vipimo ambalo wakandarasi wawili au watatu hupewa ili kila mmoja aandike bei zake mbele ya vipimo vile vile. Pasipo daftari hilo, mmoja hutaja milioni nne na mwingine milioni sita, nasi humkimbilia wa nne, tusijue kuwa hakuhesabu umeme wala choo, na kwamba atavidai baadaye tukiwa hatuna pa kukimbilia.

Tuchukue ukuta mmoja tu wa urefu wa mita 10 na kimo cha mita 3, yaani mita za mraba 30. Tofali likiwa na uso wa sentimita 40 kwa 20 pamoja na udongo wa kuungia, kila mita ya mraba hula matofali 12.5. Anayekadiria kwa macho atasema matofali 375, na pengine aseme 400 ili "yasipungue". Mkadiriaji hutoa kwanza mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 na dirisha la mita 1.5 kwa 1.2. Hubakia mita za mraba 26.31, ambazo ni matofali 329. Akiongeza asilimia 5 kwa yatakayovunjika, hufika 345. Hayo matofali 55 yaliyozidi ni ya ukuta mmoja, na nyumba ya vyumba vitatu haina ukuta mmoja.

Mchanga una mambo yake. Kwetu huuzwa kwa lori, na lori si kipimo: liko la tani saba na liko la kumi na zaidi, na liko linalojazwa nusu likalipiwa zima. Mkadiriaji huandika ujazo, na huandika pia mchanga wa aina gani. Ule wa ufukweni una chumvi, na chumvi hula vyuma vilivyomo ndani ya zege. Anayejenga karibu na bahari kwa mchanga wa bei nafuu hujiwekea gharama ya kubomoa.

Wazee wetu hawakujenga kwa kubahatisha, ingawa hawakuwa na mtu wa cheo hiki. Boriti za mikoko, zilizouzwa hapa na kusafirishwa hadi Ghuba, zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na kwa hiyo vyumba vya nyumba kongwe za Lamu ni virefu na vyembamba. Aliyejua idadi ya vyumba alijua takriban korija ngapi anunue. Nyumba ya leo ina vitu vingi mno kwa hesabu ya namna hiyo.

Tunapenda akina mama walizingatie hili zaidi ya yote. Katika sheria yetu mali ya mke ni yake, na ndoa haiichanganyi na ya mume. Mama anapotoa dhahabu yake ikageuka kuwa mabati, je, ametoa zawadi, amekopesha, au amekuwa mshirika katika nyumba? Mara nyingi hakuna anayeuliza, kwa kuoneana haya. Kisha mume hufariki nyumba ikiwa nusu. Madeni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, lakini ni nani ajuaye deni ni kiasi gani? Shemeji adai alituma saruji yote, mwenye duka la vifaa aje na daftari lake, na mjane abaki na maneno matupu. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahusu kuandikiana madeni, nasi hatuoni kwa nini mume na mke, au ndugu na ndugu, wajione wako nje yake. Daftari la mkadiriaji halitaji nani mwenye nyumba. Hilo liandikwe kando, mbele ya mashahidi. Lakini huonyesha kila hatua iligharimu ngapi, na hilo huifanya karatasi ya kando iwe na maana.

Kazi ikishaanza, yafaa fundi alipwe kwa kilichopimwa, si kwa alichoomba. Mkadiriaji huja kiwanjani, hupima kilichokamilika, na huandika kiasi kinachostahili kulipwa. Ndugu aliyeko ughaibuni hutumiwa karatasi hiyo badala ya picha za simu, ambazo huonyesha ukuta lakini hazionyeshi gharama yake. Mkibadili nia katikati, mkitaka jiko lipanuliwe, bei ya badiliko hilo huhesabiwa kabla halijajengwa. Na tangu mwanzo tengeni asilimia 5 hadi 10 kwa yasiyotarajiwa, kama mwamba uliojificha chini ya udongo.

Wakadiriaji wa Kenya husajiliwa na bodi moja na wasanifu majengo, chini ya Sura ya 525 ya sheria zetu. Mwombeni nambari yake ya usajili na muithibitishe kwa bodi yenyewe. Ujira wake kwa kawaida ni sehemu ya asilimia ya gharama ya ujenzi, lakini kwa nyumba ndogo mwaweza kupatana naye malipo ya jumla kwa daftari la vipimo na ziara tatu: msingi ukikamilika, kuta zikifika linta, na paa likiezekwa. Asiwe jamaa ya fundi, wala asiwe na fungu katika duka mtakalonunulia.

Mkataba na fundi utaje pia fedha za kuzuiliwa, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo, ambazo hulipwa baada ya muda wa kusubiri kasoro zijitokeze. Wengi huandika miezi sita. Sisi twashauri muda huo upangwe uvuke masika, kwani paa lililoezekwa wakati wa kaskazi halijulikani kama lavuja mpaka mvua ya Aprili na Mei ilipige.