Wasifu Uleule, Jina Tofauti

Tangu 1967 Kanada imekuwa ikiwachagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama. Katika mpango wake wa wafanyakazi wa aina hiyo, mwombaji hupimwa kwa alama 100 na sharti afikishe 67. Elimu peke yake inaweza kumpa 25, na miaka aliyofanya kazi kwao 15. Mhandisi wa Lahore au Nairobi anaingia, basi, kwa kuwa serikali imekwisha kukubali kwamba shahada yake ni shahada. Akifika Toronto anakutana na swali jingine: uzoefu wa Kanada unao? Ule uliompatia viza sasa hauhesabiki, na huo mwingine hawezi kuupata mpaka aajiriwe.

Waajiri husema hawavijui vyuo vya mbali, na daraja likianguka haulizwi afisa wa uhamiaji. Hoja ina uzito wake, ndiyo maana wahandisi na madaktari hutahiniwa. Lakini mchumi Philip Oreopoulos wa Chuo Kikuu cha Toronto aliwapelekea waajiri wa eneo hilo maelfu ya wasifu wa watu wa kubuni, na matokeo aliyoyatoa 2009 hayawasaidii. Wenye majina ya Kiingereza, waliosoma na kufanya kazi Kanada, waliitwa kwenye usaili asilimia 16. Jina tu lilipogeuzwa kuwa la Kichina, Kihindi au Kipakistani, mengine yakabaki yalivyo, ikashuka hadi 11. Wenye majina hayo waliosoma na kufanya kazi nje walipata 5. Na waliotoka Uingereza, wageni vilevile? Hawakupungukiwa na kitu. Wengine husingizia lugha, lakini huyo wa asilimia 11 amesoma na kufanya kazi humohumo Kanada. Kiingereza chake kimeshapimwa kazini.

Tume ya haki za binadamu ya Ontario, jimbo lenye Toronto, ilitamka 2013 kwamba kudai uzoefu wa Kanada ni ubaguzi, isipokuwa mwajiri athibitishe kwamba kazi haiwezekani bila huo. Chombo cha wahandisi wa jimbo hilo kilifuta sharti hilo 2023, na kuanzia Januari 2026 waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi hawaruhusiwi kuliandika kwenye matangazo ya kazi. Ni hatua njema, ila tangazo halichuji mtu. Anayechuja ni msomaji wa wasifu, ofisini, bila shahidi. Kuficha majina katika mchujo wa kwanza kungemgusa yeye. Kozi za kuandika wasifu, ambazo wahamiaji huhimizwa kuzifuata, hazimfikii.