Mbuni Mwekundu, Mamba Mweupe

Mhudumu alipotuwekea sahani mbili mezani, mimi na rafiki yangu wa Lamu tulidhani amezibadilisha. Kwenye ya kwanza palikuwa na mnofu mwekundu unaochuruzika maji, ungeapa ni steki ya ng'ombe. Kwenye ya pili, vipande vyeupe mithili ya kidari cha kuku. "Hii nyekundu ndiyo mbuni," akasema. "Nyeupe ni mamba." Tulikuwa katika hoteli ya nyama choma nje kidogo ya Nairobi, na sote wawili ilikuwa mara yetu ya kwanza.

Wengi wakionja nyama ngeni hurudi nyumbani na neno moja tu: tamu, au haifai. Nasikitika wanapoishia hapo, maana mnofu una habari nyingi za mnyama mwenyewe, hasa jinsi alivyokwenda.

Tuanze na yale maji mekundu. Si damu, damu nyingi humtoka mnyama anapochinjwa. Wekundu ule ni wa mioglobini, protini yenye madini ya chuma inayokaa ndani ya msuli na kushika oksijeni hadi itakapohitajika. Mwaka 1958 mwanasayansi John Kendrew na wenzake wa Cambridge walifaulu kuchora umbo lake, na hiyo ikawa protini ya kwanza duniani kufahamika umbo. Mwaka 1962 Kendrew alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Max Perutz. Mioglobini aliyoichunguza ilitoka katika nyama ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa anayeweza kuzama zaidi ya saa nzima bila kuvuta pumzi. Misuli yake imeshiba mioglobini hata nyama inakaribia kuwa nyeusi.

Jambo hilohilo liko ndani ya sufuria zetu: msuli wenye kazi ndefu huhitaji mioglobini nyingi. Kuku hushinda akitembea na kuparura, ndiyo maana paja lake limekoza rangi. Mbawa huzitumia mara chache, akishtuka na kurukia ukutani, na kidari kinabaki cheupe. Mpasue njiwa, ambaye kuruka ndiyo kazi yake, utakuta kidari chake ni chekundu kilichokoza.

Sasa mtazame mbuni. Kidari hana cha kusema, kwa sababu haruki. Nyama anayouziwa mtu buchani hutoka zaidi mapajani, na mapaja hayo hubeba mwili unaoweza kupita kilo 100 na kuukimbiza kwa kasi inayofikia kilomita 70 kwa saa. Misuli ya kazi namna hiyo haiwezi kuwa myeupe. Mamba naye ni kinyume. Hulala kimya ukingoni saa nyingi, kisha hufyatuka mara moja. Nguvu ya mfyatuko huo hutoka kwenye akiba ya sukari iliyomo ndani ya msuli, inayoweza kuchomwa bila kungoja oksijeni. Huishiwa upesi na huchoka upesi, lakini kwa windo lake dakika moja inatosha.

Mamba na kuku wana ukaribu mwingine pia, usiohusu rangi. Kwa nasaba, mamba yuko karibu zaidi na ndege kuliko na kenge au mjusi.

Mbuni mdomoni ni laini kuliko nilivyotarajia, na ladha yake ni ya ng'ombe aliyekonda. Mafuta yake hayakutawanyika katikati ya nyuzi za nyama, kwa hiyo hana kinga dhidi ya moto: dakika mbili zaidi juu ya mkaa, anakuwa kama ubao. Kukosa mafuta pia kunamnyima harufu ya kumtambulisha. Harufu inayokufanya useme "huyu ni beberu" hata ukiwa umefumba macho hukaa katika mafuta, si katika mnofu.

Rafiki yangu alimaliza mbuni wake akaomba tena. Mamba hakumgusa. Waislamu wengi wa pwani yetu, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, huhesabu mbuni kuwa halali na mamba kuwa haramu, na hilo halikuhitaji mjadala mezani. Mimi nilisita kwa sababu nyingine, ile hofu ya kale ya kiumbe anayekula kila kitu: chakula kipya chaweza kuwa riziki, chaweza pia kuwa sumu.

Na hofu hiyo ina haki yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mbuni na mamba wa hotelini ni wa kufugwa kwa kibali. Hata hivyo, miaka ya 1990 huko Zimbabwe mamba wa kufugwa walikutwa na minyoo wanaojificha ndani ya msuli, ambao baadaye waliitwa Trichinella zimbabwensis. Minyoo wa jamii hiyo hawaonekani kwa macho, na dawa yao jikoni ni moto wa kutosha.

Kwa hiyo mbuni nilimla angali na wekundu kidogo katikati, lakini mamba nilimrudisha jikoni. Alipoletwa tena alikuwa ameshika rangi ya kahawia pembezoni, na katikati ameiva barabara. Nilipotafuna, kwanza nilipata kuku, kisha, nyuma kabisa ya ulimi, samaki.