Kompyuta Haioni Kamera ya Video? Usikubali Kufomati Kadi

Kurekodi video za harusi, mazishi, harambee na sherehe za shule ni kazi inayowapa riziki vijana wengi mashinani. Mteja hutoa malipo ya kwanza, mpiga video hushinda kutwa akirekodi, na jioni huunganisha kamera na kompyuta ili ahamishe kazi yake. Hapo ndipo baadhi yao hukwama. Kebo imechomekwa, kamera imewashwa, lakini kompyuta imenyamaza kana kwamba hakuna kilichounganishwa.

Harusi hairudiwi, wala mazishi hayarudiwi. Kwa hivyo jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: kompyuta kutoiona kamera hakumaanishi kwamba video zimepotea. Mara nyingi hitilafu huwa kwenye kebo, tundu la USB au namna kamera ilivyowekwa, huku video zikiwa salama kwenye kadi ya memori. Hasara huja pale mtu anapoingiwa na wasiwasi na kubonyeza kitu asichokielewa.

Anza na kamera yenyewe

Kamera nyingi za video hazijitambulishi kwa kompyuta zikiwa katika hali ya kurekodi. Iweke katika hali ya kuonyesha video zilizorekodiwa, kisha uangalie skrini yake ndogo. Huenda inakungoja uchague kuunganishwa na kompyuta. Angalia betri pia. Baadhi ya kamera hukataa kuhamisha video hadi zichomekwe kwenye umeme, ili zisizimike katikati ya kazi.

Kagua kebo na tundu

Kebo ya USB ya kawaida ina nyaya mbili za umeme na nyingine mbili za kupitisha data. Kebo fulani za bei nafuu zina nyaya za umeme pekee. Ukitumia kebo kama hiyo, kamera itachaji vizuri lakini kompyuta haitaiona kamwe. Jaribu kebo nyingine ambayo una hakika imewahi kuhamisha picha au faili.

Chomeka kebo moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyaji chenye matundu mengi, kwa kuwa huenda umeme wake hautoshi. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma. Bado kimya? Jaribu kompyuta ya mwenzako. Ikiwa kamera itaonekana huko, basi hitilafu iko kwenye kompyuta yako. Isipoonekana popote, shuku kebo au tundu la kamera.

Kwenye kompyuta inayotumia Windows, bofya kitufe cha kuanzia kwa upande wa kulia wa kipanya, kisha ufungue Device Manager. Ukiona alama ya manjano kando ya jina la kamera, programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kamera ina kasoro. Bofya jina hilo kwa upande wa kulia, chagua Uninstall device, chomoa kebo, zima na uwashe kompyuta, kisha uichomeke kamera upya. Hatua hii haigusi video zilizo kwenye kadi.

Tumia kisomaji cha kadi

Ikiwa kamera hurekodi kwenye kadi, si lazima kebo itumike. Zima kamera, toa kadi na uiweke kwenye kisomaji cha kadi. Kadi nyingi za SD za ukubwa wa kawaida zina kifungo kidogo ubavuni. Kisogeze upande wa Lock kabla ya kuichomeka. Visomaji vingi vitakuruhusu kunakili video lakini havitaruhusu chochote kufutwa. Ukimaliza, kirejeshe kifungo hicho, la sivyo kamera haitarekodi.

Kadi zinazozidi GB 32 ni za aina ya SDXC, iliyotangazwa mwaka 2009. Kisomaji cha zamani huenda kisizisome, hata kama kadi ni nzima. Tafuta kisomaji kipya kabla ya kuilaumu kadi.

Ujumbe wa hatari

Wakati mwingine kompyuta huonyesha ujumbe kwamba kadi haiwezi kutumika hadi ifomatiwe. Usikubali. Kufomati ni kuiandaa kadi upya kana kwamba haina kitu. Funga ujumbe huo, toa kadi na uijaribu kwenye kisomaji au kompyuta nyingine.

Ikiwa umekwisha kubonyeza, acha kuitumia kadi hiyo papo hapo. Mara nyingi video huwa bado zimo hadi nyingine zirekodiwe juu yake. Programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuokoa baadhi yake, ila faili zinazookolewa zihifadhiwe kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ile ile.

Kamera za kanda

Wapo wakaazi ambao bado wana kamera zinazotumia kanda ndogo za MiniDV, zenye kumbukumbu za familia. Nyingi kati ya hizo hutumia USB kuhamishia picha za mnato tu, huku video ikipitia tundu jingine liitwalo FireWire, ambalo kompyuta nyingi za sasa hazina. Hapo hakuna kilichoharibika. Kinachohitajika ni kompyuta yenye tundu hilo na subira, kwa sababu kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuhamishwa.

Baada ya kufanikiwa

Nakili folda nzima ya kadi badala ya kuchagua faili moja moja, kwa sababu kamera nyingi hukata video ndefu vipande vipande. Weka nakala mbili mahali tofauti, kisha fungua video chache uhakikishe zinacheza hadi mwisho. Iagize kompyuta iiachilie kadi kabla ya kuichomoa. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe, na tu baada ya mteja kupokea kazi yake.

Unapolazimika kumpelekea fundi, mweleze wazi kwamba video zilizomo zinahitajika na kadi isifomatiwe. Kumbuka pia kwamba kadi hiyo imebeba sura za watu, wakiwemo watoto na waliofiwa, na kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inapowezekana, keti na fundi hadi amalize, kisha uondoke na kadi yako.