Helikopta Ndogo ya Umeme

Helikopta ni ndege isiyo na mabawa yaliyonyoshwa kama ya tai. Badala ya mabawa ina mapanga marefu juu ya mgongo wake. Mapanga hayo huzunguka upesi sana na kuisukuma hewa chini. Na hewa ikisukumwa chini, ndege huinuka juu. Kwa sababu hiyo helikopta haihitaji njia ndefu ya kukimbilia. Huruka papo hapo iliposimama, na yaweza kukaa hewani mahali pamoja kama nyuki mbele ya ua. Mwaka 1939 Igor Sikorsky aliirusha helikopta yake iitwayo VS-300 katika nchi ya Marekani, na tangu hapo kazi ya kuunda helikopta ikaendelea mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mjerumani Dieter Schlüter alifanikiwa kurusha helikopta ndogo isiyo na mtu ndani, akiiongoza kwa redio hali yeye amesimama chini. Siku hizi ziko ndogo zaidi, hata za kukaa katika kiganja cha mkono, zenye mota ya umeme na betri.

Kijana wa Kizota, katika mji wa Dodoma, akipata chombo kama hiki, shauku yake ya kwanza ni kukitoa sandukuni na kukirusha palepale mbele ya wenzake. Mara nyingi shauku hiyo ndiyo inayokivunja. Chombo hupanda kwa ghafula, huenda upande, hupiga ukuta au mwarobaini, na mapanga hukatika kabla wenzake hawajamaliza kushangilia. Kisha watu husema kwamba kilikuwa kibovu. Walakini ubovu haukuwa katika chombo. Kilichokosekana ni uchaguzi wa busara na matengenezo ya kwanza.

Jambo la kwanza la kuchagua ni namna ya kuiongoza. Ziko helikopta za bei ndogo zinazoongozwa kwa miali isiyoonekana kwa macho, kama ile itokayo katika rimoti ya televisheni. Jua nalo hutoa miali ya namna hiyo kwa wingi. Ndani ya nyumba helikopta hizo hutii vizuri. Lakini zikitolewa nje katika jua kali la Ugogo, miali ya jua huishinda ile ya rimoti, na chombo hakisikii amri tena. Kwa hiyo mtu wa Dodoma yafaa achague helikopta inayoongozwa kwa mawimbi ya redio. Rimoti nyingi za siku hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, nayo hayazuiwi na mwanga wa jua. Tena rimoti mbili au tatu zaweza kutumika mahali pamoja bila kuchanganyikana, maana kila moja hufungamana na helikopta yake.

Jambo la pili ni idadi ya mapanga. Mtu aketiye juu ya kiti kinachozunguka, akishika gurudumu la baiskeli lililolazwa kama sinia na kulizungusha kwa nguvu upande wa kuume, atajiona yeye mwenyewe akizunguka upande wa kushoto. Vivyo hivyo mapanga ya helikopta yakizunguka upande mmoja, mwili wake hutaka kuzunguka upande wa pili. Ziko njia mbili za kuzuia jambo hilo. Njia moja ni kutia pangaboi dogo mkiani, liusukume mkia usizunguke. Njia nyingine ni kuweka jozi mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, zizungukazo kinyume, hata nguvu ya hii ivunje nguvu ya ile. Helikopta ya jozi mbili hutulia hewani, nayo ndiyo imfaayo anayeanza kujifunza. Ile ya jozi moja yenye pangaboi la mkia huenda kwa wepesi zaidi, lakini hudai mkono uliokwisha zoea. Ziko pia ambazo mwinamo wa mapanga yake hubadilishwa hewani, nazo zaweza hata kuruka kichwa chini. Hizo ni za mafundi.

Jambo la tatu ni mahali penyewe. Dodoma iko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,100, na hewa ya huku ni pungufu kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko hewa ya pwani. Mapanga yakipata hewa chache ya kusukuma, hapana budi yazunguke upesi zaidi ili kubeba uzito uleule, na betri huisha mapema. Basi si vema kuitundikia helikopta ndogo kamera au mzigo wo wote. Tena wakati wa kiangazi upepo huvuma juu ya uwanda, nao hubeba vumbi liingialo katika mota na magurudumu ya meno. Helikopta nyepesi ya jozi mbili haina nguvu ya kushindana na upepo huo. Kabla ya kulipa, mnunuzi na aulize pia kama mapanga na betri za akiba zapatikana, maana helikopta isiyo na vipuri hufa siku ianguapo mara ya kwanza.

Ikiisha kununuliwa, kazi huanza mezani. Kwanza betri. Betri hizi ni za lithiamu, na kila seli yake ina volti 3.7, ikijaa hufika volti 4.2. Ikitiwa umeme kupita kiasi huweza kuvimba na kuwaka moto mkali. Kwa hiyo itiwe umeme kwa chaja yake yenyewe, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mkeka, pazia na kitanda. Wala mtu asiiache peke yake akaenda kulala. Iliyovimba au kutoboka isitumike tena. Nayo ikitoka kuruka huwa moto, basi iachwe ipoe kwanza ndipo ijazwe.

Pili, kila sehemu itazamwe. Skrubu ziwe zimekazwa, mapanga yasiwe na ufa, na yakizungushwa kwa kidole, betri ikiwa imetolewa, yazunguke bila kukwaruza. Tatu, uzito upimwe. Helikopta ishikwe kwa ncha za vidole karibu na mhimili wa mapanga, ikiwa na betri yake ndani. Pua ikiinama, betri isogezwe nyuma kidogo. Mkia ukiinama, isogezwe mbele. Chombo kilichokaa sawa vidoleni hakitapotea sana hewani.

Nne, utaratibu wa kuwasha. Kijiti cha nguvu kishushwe mpaka chini, rimoti iwashwe kwanza, kisha ndipo betri iunganishwe. Siku ya kumaliza ni kinyume chake: betri itolewe kwanza, rimoti izimwe baadaye. Sababu yake ni kwamba helikopta yenye umeme lakini isiyo na rimoti ni kama punda aliyeachwa bila mchungaji. Haijulikani itafanya nini. Ikiisha kuunganishwa, iwekwe mahali palipo sawa, wala isiguswe kwa muda kidogo, maana ndani yake mna kifaa kinachopima mizunguko ya mwili, nacho hujipima wakati huo ili kijue utulivu ni upi.

Tano, kuinuka kwa mara ya kwanza. Mahali pa kwanza ni chumba kipana kilichofungwa milango, pangaboi la darini likiwa limezimwa. Mkia umwelekee mwongozaji, ili kushoto kwa chombo kuwe kushoto kwake. Pua ikimwelekea yeye, kuume hugeuka kushoto, na hapo ndipo wanaoanza hukosea. Watu wote wasimame mbali, maana mapanga yaweza kuumiza jicho. Helikopta ikiwa karibu sana na sakafu hutikisika, kwa sababu hewa isukumwayo chini hurudi juu. Ikifika kama mita moja hutulia. Ikienda kushoto yenyewe bila kuamriwa, vifungo vidogo vya kusawazisha vilivyo katika rimoti vibonyezwe kuelekea kuume, kidogo kidogo, mpaka isimame mahali pamoja.

Huenda kijana akafikiri kwamba taratibu hizo ni za watoto. Basi na asikie habari ya helikopta iitwayo Ingenuity, iliyopelekwa na Wamarekani katika sayari ya Mirihi. Nayo ilikuwa ya umeme, yenye jozi mbili za mapanga zizungukazo kinyume. Misa yake ilikuwa kilo 1.8 tu. Hewa ya Mirihi ni kama sehemu moja ya mia ya hewa ya dunia. Tarehe 9 Aprili 2021 mapanga yake yalijaribiwa kuzungushwa kwa kasi ikiwa bado chini, na jaribio likakatika kabla ya kwisha. Wataalamu hawakusema, "Na iruke hivyo hivyo." Waliahirisha safari, wakatafuta sababu, wakajaribu tena tarehe 16. Tarehe 19 ndipo ilipoinuka mita 3, ikatulia, ikarudi chini, yote kwa sekunde 39. Ilitarajiwa kuruka mara tano. Iliruka mara 72, mpaka mapanga yake yalipovunjika Januari 2024.

Limebaki jambo kubwa kuliko yote. Kizota iko upande wa magharibi wa mji, na kiwanja cha ndege cha Dodoma hakiko mbali. Ndege ipaayo au ituayo huwa chini, nayo imebeba watu. Chombo cha mchezo kikiingia katika njia yake, si mali ya kijana tu itakayopotea. Anga si ya mtu mmoja. Mwaka 2018 chombo kisicho na rubani kilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilometa 60 kwa muda wa kama dakika 40. Nacho pia chahitaji njia iliyo salama. Katika Tanzania, ruhusa ya vyombo visivyo na rubani huangaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa hiyo kabla helikopta haijatolewa nje, mzazi au mwalimu na aulize huko. Na ikiruhusiwa, irushwe asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka.

Siku itakapoinuka mita moja, ikatulia, ikashuka polepole mahali ilipoondoka, tena mara tatu mfululizo, ndipo kijana awaite wenzake waje kutazama.