Chanjo ya HPV: Ganda lisilo na virusi ndani

"DAKTARI, mbona mnataka kumdunga mtoto wangu virusi vya kansa?"

Swali hili huulizwa mara kwa mara na wazazi wanaoletewa habari za chanjo ya HPV. Ni swali la haki, na jibu lake limo katika umbo la virusi vyenyewe.

Virusi vya HPV vina sehemu kuu mbili. Ndani mna DNA yenye herufi zipatazo 8,000, ambayo ndiyo yenye maagizo ya kuzaana na kuharibu seli. Nje kuna ganda la protini ambalo kazi yake ni kuilinda DNA hiyo safarini na kuiingiza katika seli.

Usidhani kwamba ganda hilo ni kama la yai, ambalo likivunjika haliungiki tena. Lifikirie kama mpira wa kandanda ulioshonwa kwa vipande vya ngozi. Lina vipande 72, na kila kipande kina molekuli tano za protini iitwayo L1. Wataalamu wakitia dawa inayokata vifungo vya salfa baina ya vipande, na kuondoa madini ya kalsiamu, mpira hufumuka. Dawa ikiondolewa na kalsiamu kurudishwa, vipande hujipanga vyenyewe na mpira hufungika tena.

La ajabu ni kwamba iwapo kuna DNA ngeni karibu wakati wa kufungika, baadhi ya maganda huifungia ndani. Mwaka 1998 watafiti wa Ufaransa walifanya hivyo kwa ganda la HPV aina ya 16, na ganda likaingiza jeni ngeni katika seli za maabara. Maganda yaliyobebeshwa jeni ngeni husaidia pia kupima kama kinga iliyo katika damu ya mtu inaweza kuvizuia virusi.

Je, chanjo imejazwa nini? Haikujazwa DNA ya virusi. Chanjo ya Gardasil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, hutengenezwa kwa hamira iliyopewa maagizo ya kuunda ganda pekee. Katika kiwanda, maganda hayo hufumuliwa na kufungwa upya ili yawe imara na yenye umbo moja. Huenda vikasalia vipande vidogo vya DNA ya kuundia ganda, lakini haviwezi kuunda virusi wala kuleta maambukizo. Mwili unapoliona ganda hudhani adui amefika, nao huandaa kinga.

Ni vyema kufahamu kwamba chanjo haiponyi maambukizo yaliyokwisha kuingia. Ndiyo maana hutolewa mapema. Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Aina za 16 na 18, ambazo chanjo hii huzikinga, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa uzazi.

Kwa hivyo, mzazi, usimnyime binti yako kinga kwa kuogopa ganda tupu. Nawe mama, hata kama binti amechanjwa, nenda ukapimwe mlango wa uzazi. Ugonjwa huu ukigunduliwa mapema hutibika.